Nilikwenda mahakamani kumtetea jirani yangu, nikamwongezea kesi ya sukari

Wakuu, salamu kwenu mlioko ofisini mnajifanya mna kazi, na nyie wenzangu mlioko kitandani mchana kweupe.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Johannesburg, na sijaongeza hata punje. Ningetaka kudanganya ningejipa nafasi nzuri zaidi. Humu ndani mimi ndiye mjinga, mwanzo hadi mwisho.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mpare wa Same, elimu yangu form four, ya kusukumasukuma. Naishi Bellevue kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Napika chapati na maandazi kwa oda. Oda zinaingia kwa simu, wateja wanakuja mlangoni, mimi sitoki.

Natoka mara moja kwa wiki kwenda Fordsburg kununua unga na mafuta, na nikirudi nalala kama nimetoka vitani. Dada yangu huko Same anawaambia watu niko nje ya nchi. Ukweli ni kwamba niko ndani ya chumba.

Chumba cha pili anakaa Mangi. Jina lake analo, ila ni Mchaga, basi nitamwita nini tena. Ni fundi simu, ana meza yake barazani kwetu. Ana mke Mkongo wa Lubumbashi, Mama Grasi, msusi. Jiko tunatumia moja.

Kwa wasiojua: Wapare na Wachaga ni watani wa jadi. Mimi na Mangi tumekaa nyumba moja miaka saba na hatujawahi kuambiana neno moja lililonyooka. Akiniona asubuhi ananiuliza kama bado sijafa ili arithi jiko. Mimi namwambia nikifa nitazikwa nalo.

Yaani mtani ukimsifu, anashtuka. Anajipapasa kama ana homa.

Shikeni hapo, maana ndipo gari lilipoacha barabara.

Mwaka jana Mangi alinunua simu kwa mtu aliyepita na mfuko. Simu kali, bei ya nyanya. Hakuuliza risiti. Ilikuwa ya mama mmoja wa Sandton, mtaa wa matajiri, na simu za siku hizi zinajua kusema ziko wapi. Siku ya tatu polisi wakasimama getini kwetu, mimi nikiwa na mwiko mkononi.

Mangi akawekwa rumande, na mahakamani akakiri. Kosa moja, simu moja: kupokea mali ya wizi.

Wakili wake, aliyepewa bure na serikali, kijana mmoja mwenye mafaili mengi kuliko mikono, akaja hadi jikoni kwetu akasema hali si mbaya. Jamaa hajawahi kufungwa, ana mke, ana ufundi, karatasi zake za kukaa nchini ziko sawa. Akiomba vizuri, hakimu anaweza kumpa kifungo cha kuning'inizwa: unahukumiwa, lakini unabaki nje mradi usirudie. Ila akiingia gerezani, karatasi nazo zinaweza kwenda, na akitoka anapandishwa ndege. Mama Grasi abaki na nani hapo?

Kinachotakiwa, akasema wakili, ni shahidi wa tabia. Mtu anayemjua mshtakiwa kwa karibu, aseme ni mtu gani.

Yeye na Mama Grasi wakanigeukia. Nilikuwa nakanda unga.

Nikasema mimi nina oda.

Mama Grasi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Weye baba ya chapati, utaenda. Bwana yangu hana ndugu ingine huku. Ni weye tu, na weye hauko mutu wa kutegemea, lakini ndiye Mungu alitupatiaka."

Kisha akanisogelea. "Na usifanye kama ku ndoa."

Hii ya ndoa lazima niwaeleze. Siku ya harusi yao nilipewa maiki kama mtani wa bwana harusi, nikafanya wajibu wangu. Nikamwambia bibi harusi bado hajachelewa, mlango uko kushoto. Watanzania ukumbini walikuwa wanalia kwa kucheka. Ndugu zake kutoka Lubumbashi walikuwa wameshika mikoba, tayari kuondoka naye. Ilibidi mchungaji asimame kuwatuliza kwa Kifaransa.

Basi nikaapa. Nikamwambia Mama Grasi, safari hii nitasema mazuri tu.

Wiki nzima nikaandika. Jamani, nilimsifia Mangi kwenye karatasi mpaka nikaona aibu. Mcha Mungu. Mchapakazi. Msaada kwa jamii. Nilijisomea mbele ya kioo nikawa namwonea wivu huyo mtu ninayemwelezea.

Hapa kuna wenye kujua Wapare mnaanza kunicheka, najua. Babu yangu aliuza ng'ombe wawili kuendesha kesi ya mbuzi mmoja, na akashinda, na alikufa anaisimulia. Mjukuu wake nilikuwa sijawahi kukanyaga mahakama. Asubuhi ya kesi nilivaa suti ya Mangi, maana yangu sina, na mwenyewe alikuwa rumande hana matumizi nayo.

Tukaingia. Hakimu mama mtu mzima, miwani puani. Mwendesha mashtaka dada mmoja mpole, mwenye viatu bapa. Wale wapole wanaotisha. Mkalimani wa Kiswahili mzee wa Kikongo, suti ya kijivu, uso hauna habari. Nilichagua Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuulizia bei.

Nikala kiapo. Wakili akauliza, "Unamfahamuje mshtakiwa?"

Nikatia mkono mfukoni kutoa karatasi yangu ya sifa. Haipo. Niliiacha kwenye suruali yangu, nimevaa ya Mangi.

Nikamwangalia Mangi kizimbani. Wakuu, jamaa alikuwa amekonda. Shingo imekuwa nyembamba, macho yako chini, kama mtu anayesubiri kusomewa jina msibani. Miaka saba sijawahi kumwona hivyo. Na mimi nikimwona mtani wangu ameinamisha kichwa, mdomo wangu unajua kazi moja tu.

Nikasema, "Mheshimiwa, huyu namjua vizuri sana. Ni mwizi wangu wa miaka saba."

Mangi akainua kichwa. Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu akamatwe.

Na mimi mpumbavu nikaona mambo yanakwenda.

Nikaendelea. Nikasema sukari yangu anaiba kila asubuhi mpaka naificha kwenye ndoo ya sabuni. Nikasema viatu vyangu vya harusi alivivaa yeye, vikarudi vina tope hadi kwenye kamba. Nikasema hata simu yangu mwenyewe aliwahi kuniuzia.

Hiyo ya simu ni kweli ilitokea. Niliisahau mezani kwake. Akaibadilisha kava, jioni akaniita kuniuzia mashine mpya. Nikakaza bei kama Mpare aliyelelewa vizuri, nikaondoka najisifu nimemkomoa. Nafika chumbani nawasha, namwona mama yangu mzazi kwenye kioo cha simu. Ile hela Mangi alinunulia nyama, tukachoma, tukala wote, na majirani walicheka wiki mbili.

Sasa shida iko hapa. Mkalimani alikuwa anatafsiri kila neno kwa sauti ya kusoma matangazo ya vifo. Hakukosea hata moja. Mwizi, miaka saba, sukari, viatu, simu. Kabla sijafika kwenye nyama, yule dada wa viatu bapa akawa ameshasimama.

Nyama haikufika mahakamani.

"Shahidi, hayo mambo ulitoa taarifa polisi?"

"Hapana, dada."

"Kwa hiyo hakuwahi kushtakiwa nayo?"

"Sukari? Ningechekwa."

"Lakini yalitokea."

"Yalitokea."

"Pamoja na la kumuuzia mwenye simu simu yake."

Nikageuka kumtafuta Mama Grasi. Alikuwa amefunika uso kwa kitambaa.

Dada akamgeukia hakimu, taratibu kabisa. Akasema upande wa utetezi unasema mtu huyu aliteleza mara moja. Shahidi wao wenyewe, chini ya kiapo, ametuambia ni tabia ya miaka saba. Haombi ashtakiwe kwa hayo. Anaomba tu mahakama iyatazame inapopima adhabu, na kwamba kifungo cha kuning'inizwa hakimfai. Aende ndani.

Tulieni kidogo hapa, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa kilichotokea.

Mama yangu alikuwa anachapa hivyo hivyo. Umevunja kikombe kimoja. Fimbo ya kwanza ya kikombe. Ya pili ya kikombe cha mwaka jana ambacho hakujua nani kavunja. Ya tatu kwa sababu wewe unafanana na mtu wa kuvunja vikombe. Ukilia ya tatu ni ya nini, anakwambia unajijua.

Hicho ndicho yule dada alikuwa anaomba, kwa Kiingereza kizuri. Na tusimwonee, hakuwa mjinga. Hakimu anatakiwa kujua anamhukumu mtu wa namna gani. Lakini kwa sukari Mangi hakusomewa shtaka, hakuulizwa, hakujitetea. Aliingia mle ndani na kosa moja, mimi nikamjazia ndoo.

Wakili akasimama, mafaili yakamwagika, akayaacha. Akasema mteja wake amekutwa na hatia ya simu moja na haiwezekani afungwe kwa sukari. Hakimu akatazama saa. Tukaenda chakula cha mchana.

Koridoni Mama Grasi hakunipigia kelele. Ningependelea angenipigia.

"Nilikuombaka kitu moja," akasema. "Moja tu."

"Mama Grasi, nilikuwa namchangamsha."

"Ulimuchangamusha. Sawa. Sasa atachekaka vizuri kule ndani, na wezi wenzake."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Na hiyo suti, ulimuombaka ao nayo uliiba?"

Sikuwa nimemwomba.

Wakili akaja na samosa mdomoni, akaniuliza kwa Kiingereza kile cha kuongea na mtoto, kwa nini nimefanya vile. Nikamweleza utani. Akaacha kutafuna. Akasema, "Eish. Utarudi kizimbani ueleze hivyo hivyo."

Nikarudi. Nikaeleza. Kwetu makabila mengine ni watani, unamtukana hadi msibani kwake, hakuna kukasirika, na atakayenyamaza ndiye mwenye ubaya. Nikamalizia na nyama. Safari hii nilihakikisha mkalimani amefika kwenye nyama.

Yule mzee aliitafsiri nyama vizuri sana. Nadhani na njaa ilichangia.

Hakimu akavua miwani. "Shahidi, asubuhi uliapa kusema kweli. Sasa unaniambia ulikuwa unatania. Ulisema uongo chini ya kiapo?"

Wakuu, jasho. Nikisema ndiyo, kesi inakuwa yangu. Nikisema hapana, Mangi ni mwizi wa miaka saba. Nilimwona babu yangu kule aliko anakaa mkao wa kusikiliza.

Nikasema, "Mheshimiwa, sukari amechukua kweli. Lakini haikuibwa. Siku asipoichukua mimi huwa naenda kumgongea mlango kujua kama anaumwa."

Mkalimani akatafsiri. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya binadamu.

Karani wa mahakama, mama wa Kizulu, akatikisa kichwa akacheka chini chini. Hakimu akaandika. Akaandika muda mrefu.

Halafu yule dada akasimama tena.

"Swali moja. Tuache utani. Kabla ya simu hii ya Sandton, umewahi kumwona mshtakiwa na simu nyingine zisizo na wenyewe?"

Mkalimani akatafsiri, akanigeukia.

Niliahidi ukweli tangu mwanzo, basi ukweli wangu ni huu. Meza ya Mangi ina droo. Mimi ni mtu wa ndani, nakaa barazani kuliko kivuli, na macho ninayo. Nikamtazama Mangi, na Mangi akanitazama. Hakutabasamu. Hakutikisa kichwa. Aliniachia tu mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Sijui kingetoka nini.

Wakili akaruka. Akasema hakuna shtaka la simu nyingine, hakuna ushahidi wa simu nyingine, serikali ilikuwa na nafasi ya kushtaki na haikufanya. Haiwezi sasa kuvua kwa shahidi wa tabia.

Hakimu akasema swali limekataliwa. "Shahidi, shuka."

Nikashuka, na lile jibu likabaki kooni. Liko huko mpaka leo. Naomba msinitumie PM kuliulizia, limezoea mahali pake.

Hukumu ikasomwa wiki iliyofuata. Hakimu alisema waziwazi kwamba mtu hulipa kwa kosa alilotiwa hatiani, si kwa yale ambayo hakuna aliyemshtaki nayo, na kwamba mambo ya jikoni kwetu ameyaacha jikoni.

Kisha akampa adhabu. Haikuwa ya kuning'inizwa kama wakili alivyotarajia. Haikuwa gereza kama dada alivyotaka. Alimpa miezi kumi na minane ya kifungo cha nyumbani. Asitoke bila ruhusa, na Jumamosi akafagie zahanati bure. Afisa atakuwa anakuja kumkagua bila taarifa.

Mama Grasi alipiga magoti palepale. Mimi nilipiga hesabu.

Kwa sababu, wakuu, kama sukari ameiacha jikoni, ile tofauti kati ya kuning'inizwa na miezi kumi na minane imetoka wapi? Pengine ni ya simu yote. Simu ilikuwa kali. Au pengine mtu akishasikia neno halitoki, hata akisema hajalisikia. Hakimu mwenyewe labda hajui. Nikilala huwa najiuliza miezi mingapi hapo ni yangu.

Halafu nikafikiria ile adhabu yenyewe. Kukaa ndani, kutotoka bila sababu, kutoka mara moja kwa wiki. Serikali ya Afrika Kusini imemhukumu Mangi kuishi kama mimi.

Nikajua sasa ananitania mpaka nihame.

Hakunitania.

Alirudi mpole. Anabisha hodi jikoni. "Samahani ndugu, naweza kutumia jiko?" Ndugu. Mimi. Alinunua sukari yake akaiandika jina. Nikamwambia Mangi, hilo kopo lako nitaliroga. Akasema "sawa kaka," akaenda zake.

Miezi miwili hivyo. Nilirudisha suti imefuliwa na kupigwa pasi, akasema asante. Niliacha kopo langu wazi mezani makusudi, likashambuliwa na sisimizi peke yao.

Nikaona kumbe kifungo cha nyumbani kimetukuta wawili.

Siku moja asubuhi afisa akaja. Mzee mmoja wa Kisotho, mnene, anapenda maandazi. Mangi yuko jikoni ana kikombe cha chai. Afisa akatukagua, akasaini fomu, akanigeukia mimi na mdomo umejaa andazi langu.

"Wewe ndiye unashinda naye hapa. Anafuata masharti? Kuna lolote la kuniambia, hata dogo?"

Lile swali tena. Na mara hii hakuna wakili wa kuruka.

Nikamtazama Mangi. Na kwenye ubao, karibu na kikombe chake, nikaona kopo langu. Langu, si lake. Kifuniko wazi, kijiko ndani. Sijui kama ndiyo siku ya kwanza kulirudia au aliishiwa sukari yake.

Nikamwambia afisa kwa Kiingereza changu cha kuulizia bei, neno kwa neno, kama nilivyoandika kwenye ile karatasi iliyobaki kwenye suruali. "Ni mcha Mungu. Mchapakazi. Msaada kwa jamii. Sina jirani mwingine kama huyu."

Afisa akasema "sharp", yaani safi, akachukua andazi la njiani, akaenda.

Mangi alisubiri mpaka geti likafungwa. Akaweka kikombe chini. Akajishika paji la uso kwa kiganja, kama anapima homa.

"Aisee, Mpare," akasema, "ni mimi naumwa au ni wewe unakufa?"

Nikamwambia rudisha kopo, mwizi mkubwa. Akaongeza kijiko cha tatu huku ananiangalia.

Nilichojifunza, wakuu: ukiitwa kuwa shahidi wa tabia, hakikisha umevaa suruali yenye karatasi. Na kabla hujasema neno kuhusu mtu, jiulize nani yuko chumbani. Kile ambacho jikoni ni mapenzi, mbele ya hakimu ni rekodi. Sheria ilimkinga Mangi na mdomo wangu, angalau kwa kadiri ilivyoweza. Imebaki miezi kumi na moja.

Haya, uwanja ni wenu. Wanasheria mnieleze ile miezi ilitoka wapi. Wachaga mnitukane, nimeshakaa. Ila yule atakayeuliza kuhusu droo, asome tena pale hakimu aliposema swali limekataliwa.